Saini ya Shangazi

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua inakukuta unaendelea vizuri, mgongo umepoa, na lile sikio la kulia halijamfuata mwenzake wa kushoto. Mimi nipo. Siumwi popote.

Ulisema nisikupigie simu kwa sababu unasikia mvumo tu, kama mtu anakaanga kitu. Basi naandika, ingawa mkono umeshazoea kuandika joto la mwili na nani kala nani hakula.

Ulipostaafu mwezi wa kumi na mbili uliniacha hapa makao ya wazee tukiwa wahudumu sita. Sasa tuko watatu, na mpishi. Wale dada wawili wa upande wa wanawake waliondoka wiki moja, walisema wamechoka kufanya kazi kwa mkopo. Yule kaka wa zamu ya usiku hakuaga. Aliacha viatu vyake vya mpira mlangoni na mpaka leo viko palepale, hakuna anayevisogeza. Mshahara wa Desemba tulilipwa tarehe kumi na tisa Januari. Wa Januari bado. Msimamizi anasema bodi haijatuma hela, tuvumilie, sisi ni familia.

Wazee ni ishirini na watatu, hajapungua hata mmoja. Naanza nepi chumba cha kwanza, nikifika cha mwisho wale wa kwanza wameshalowa tena. Silalamiki. Wewe ndiye uliyenitafutia kazi hii na nashukuru. Naeleza tu.

Mzee wetu Refa anakuulizia kila siku. Juzi nilimpelekea chai imepoa, akachomoa ile kadi yake ya njano mfukoni akaniinulia mbele ya bwalo zima. Akasema, "Shangazi yako alipata kadi moja kwa miaka sita. Wewe una tatu kwa mwezi mmoja." Nikamwambia basi anitoe nje nikapumzike. Akasema hawezi, hana mchezaji wa akiba.

Sina jingine. Nikirudi chumbani nakaa kitandani na sare, halafu nakuta saa nzima imepita sijavua hata kiatu. Si uchovu. Sijui ni nini.

Mwanao.

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza bila miwani, nikaelewa kwamba Refa ameoa. Nikavaa miwani. Mimi mzima. Mgongo siku hizi unauma kwa adabu, unabisha hodi kwanza. Sikio la kushoto limeshafunga duka, la kulia linauza rejareja.

Kula kabla ya zamu, usingoje makombo ya bwaloni. Usimwinue mtu peke yako hata kama ni mwepesi, na ukilazimika, tumia magoti, si mgongo. Mimi nilitumia mgongo na unaona nilipo. Na Refa usimwache bafuni peke yake hata kidogo. Atakwambia anaweza. Anadanganya. Anashika bomba la ukutani, na lile bomba lenyewe linahitaji wa kulishika.

Hiyo ya kukaa kitandani na sare, mimi nilikaa hivyo miaka. Vua kiatu kimoja. Cha pili kitafuata.

Nina ombi. Nimekwenda ofisi ya mafao kuulizia kiinua mgongo changu. Wakasema fomu ya kustaafu haijafika kutoka kwenu. Mkumbushe Msimamizi, kwa upole, usimkorofishe. Nataka kuezeka upande wa jikoni kabla mvua hazijaanza. Sasa hivi nikipika, nikitazama juu naona ndege wakipita.

Wasalimie wazee wangu wote, na Refa mwambie ile kadi moja alinionea.

Shangazi yako.

15 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Vipi mgongo? Vipi sikio? Mimi nipo.

Nimemkumbusha Msimamizi. Amesema fomu ziko njiani.

Mshahara wa Januari na wa Februari nimepata kwa pamoja. Mpishi hajapata. Nimekutumia kidogo kwa ajili ya bati, utaletewa pamoja na barua hii. Usinirudishie.

Wakaguzi walikuja wiki iliyopita. Waliwahesabu wazee, wakahesabu majina kwenye daftari la mahudhurio, wakanywa chai wakaondoka. Walisema wameridhika.

Refa amepungua. Anapenda kukaa karibu na mlango.

Leo sina maneno mengi. Nakusalimu.

Mwanao.

2 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi, na ahsante kwa hela. Nimenunua bati mbili na misumari, fundi ameshapanda na kushuka. Mungu akuzidishie.

Sasa kaa chini, nikusimulie.

Jana nilirudi ofisi ya mafao. Kaunta ina binti mmoja ana kucha ndefu, anabonyeza kompyuta kwa ncha za kalamu. Akaingiza namba yangu, akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Mama, mbona bado uko kazini?"

Nikamwambia, "Niko hapa mbele yako."

"Hapa inaonyesha hujastaafu. Mwezi wa pili umelipwa, na saini yako ipo."

Nikamwambia basi huyo anayefanya kazi kwa jina langu aje na nyumbani anigeuze nikilala, maana siwezi peke yangu. Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka. Nikamwambia wafanyakazi hewa nimewasikia redioni miaka yote, sikujua nitakuwa mmoja wao na mwili wote huu. Wakacheka tena.

Nilipotoka nje nikakaa kwenye ngazi, na kicheko hakikuwepo. Mwanangu, mpaka mimi niandikwe nimeacha kazi, kiinua mgongo hakuna. Miaka kumi na tisa. Na kuna mtu anasaini jina langu kila siku anayoamka.

Wewe uko ndani. Angalia daftari. Usiulize kwa sauti, usigombane na mtu, angalia tu ni nani, kisha uniandikie. Mimi nitajua pa kwenda.

Jibu upesi.

Shangazi yako.

26 Mei

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Karibu miezi miwili nimengoja jibu lako. Nilidhani unaumwa. Nilidhani barua imepotea. Nilimtafutia kila mtu udhuru, hata yule anayeleta barua.

Jana nimeletewa wito kwa mkono, na nikasaini kwamba nimeupokea. Unasema tarehe tatu Mei, kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, nikiwa mhudumu wa zamu upande wa wanaume, nilimwacha mzee niliyekabidhiwa akaanguka bafuni, na kwamba alifariki hospitali siku nne baadaye. Nifike mbele ya kamati ya uchunguzi tarehe kumi na mbili Juni nikajieleze.

Jina la mzee wameliandika kamili, majina matatu. Nililisoma nikawaza, huyu ni nani, mimi simjui. Halafu nikamjua. Ni Refa. Nimepata habari ya kifo chake kwa kushtakiwa nacho.

Wameambatisha nakala ya ukurasa wa daftari. Saini yangu ipo. Nimeitazama tangu jana. Ulipokuwa darasa la tano nilikuwa narudi kutoka zamu vidole vimevimba, siwezi kushika kalamu, nikakufundisha unisainie daftari lako la shule. Mkia wa saini yangu unapinda kwenda chini. Wako ulikuwa unapanda juu, tukaacha hivyohivyo, nikasema mwalimu hataangalia.

Huu unapanda juu.

Niandikie kwamba si wewe. Chochote utakachoandika nitakiamini.

Shangazi yako.

1 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Ni mimi.

Nitaeleza kama ilivyokuwa. Wiki ya kwanza ya Januari Msimamizi aliniita ofisini. Nilikuwa na glavu mkononi, nimetoka kumbadilisha mtu. Akanionyesha daftari. Akasema, "Wahudumu wakishuka chini ya saba kwenye karatasi, kibali kinafutwa. Hawa ishirini na watatu watakwenda wapi? Wengine hata ndugu hawana." Nikasema sijui. Akasema, "Ni kwa muda, mpaka bodi iajiri. Shangazi yako saini yake unaijua. Si kitu, ni jina tu." Nikavua glavu ya kulia nikasaini.

Ningependa kukuambia kwamba niliogopa, au nililia. Sikulia. Kulikuwa na mtu nimemwacha hajafunikwa, nilitaka kurudi. Siku ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Baada ya wiki mbili ilikuwa kama kuandika tarehe. Nilisaini la kwako na la yule kaka wa usiku. Mwenzangu wa zamu alisaini ya wale dada wawili. Mwisho wa Februari tulisaini na kwenye orodha ya mishahara, tukalipwa. Mpishi alikataa kusaini jina la mtu mwingine, ndiyo maana hakulipwa. Nilikuandikia kana kwamba sijui sababu. Niliijua.

Hela ya jina lako sijui yote ilikwenda wapi. Nyingine niliona ikinunua unga na nepi, kwa macho yangu. Nyingine sikuiona. Na mwezi wa tatu Msimamizi alinipa bahasha ya pili, akasema ni ya ahsante. Hiyo ndiyo niliyokutumia ya bati.

Sasa tarehe tatu Mei. Mwenzangu alikuwa amempeleka mzee mmoja hospitali, na yule wa tatu alikuwa ametoka zamu ya usiku, amekwenda kulala. Nilibaki mimi na mpishi. Saa nne nilimpeleka Refa bafuni nikamketisha kwenye kiti cha plastiki. Upande wa wanawake bibi mmoja akapaliwa na uji, mpishi akaniita kwa kelele. Nikamwambia Refa, "Usisimame, narudi." Akasema, "Cheza tu. Saa ninayo mimi."

Yule bibi alitapika, tukamsafisha. Jirani yake akaharisha. Nikabadilisha mashuka. Aliyeleta gesi akabisha, nikamfungulia, nikatafuta ufunguo wa stoo. Bibi mwingine alikuwa analia kwamba kiatu chake kimeibwa, nikakitafuta, kilikuwa mguuni. Sikumkumbuka Refa, Shangazi. Sikumkumbuka hata kidogo. Saa sita na nusu nilikuwa napanga sahani za chakula cha mchana, nikahesabu, ikabaki moja.

Alikuwa sakafuni, amelalia ubavu wa kulia. Lile bomba lilikuwa limeng'oka ukutani, maji yanamtiririkia mgongoni, ya baridi. Macho yalikuwa wazi. Akaniuliza, "Dakika ngapi?" Nikamwambia, nyingi. Nilimfunika kwa mataulo yote tuliyokuwa nayo.

Jioni ileile Msimamizi aliniletea daftari. Refa yuko hospitali, na mimi nikasaini jina langu, nikasaini na lako. Nikakuweka upande wa wanaume kwa sababu mstari huo ndio uliokuwa wazi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Barua yako ya Aprili niliiweka chini ya godoro. Nilikuwa naijua iko hapo kama mtu anavyojua kuna jiwe kwenye kiatu na bado anatembea.

Mpaka leo sijalia. Nafanya kazi naiona mikono inafunga nepi, inakoroga uji, kama mikono ya mtu mwingine, mimi nimewekwa niisimamie.

Nitakwenda kwa kamati mwenyewe kabla ya hiyo tarehe kumi na mbili. Sitakuacha uitikie jina nililolitumia mimi.

Mwanao, kama bado.

17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama. Sijui kama barua yangu ya tarehe moja ilikufikia kabla hujasafiri. Hukusema.

Nilikwenda kwa kamati tarehe nne. Karani wao aliandika maelezo yangu kwa saa mbili. Akanipa karatasi nyeupe, akasema nisaini jina lako mara kumi ili walinganishe. Nikasaini mara kumi. Akaitazama, akasema, "Unasaini vizuri kuliko mwenyewe." Sidhani alikuwa anatania.

Tarehe kumi na mbili nilikuona ukiingia bwaloni umevaa viatu vyako vya kutokea. Walikuwa wamesogeza meza za chakula zikawa meza za kamati. Ulikaa benchi letu, kati yetu kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyekuja kuikaa. Nilitaka kukuambia sogea, pale unapokaa pana msumari. Baadaye niliona umechanika upindo wa gauni.

Mwenyekiti alipokuuliza hukusikia. Akauliza tena, akasimama akapaza sauti mpaka wazee wa chumba cha pili wakaitikia: "Mama, ulikuwepo siku ile?" Ukasema, "Ningekuwepo, asingelala chini." Ukakaa. Hawakukuuliza swali jingine.

Maneno yale nimeyabeba tangu siku ile. Si kwamba yalinichoma. Nayabeba tu.

Msimamizi alisema kila kitu kilikuwa kwa faida ya wazee. Walipomuuliza hela akasema zilitumika. Walipomuuliza zilitumikaje akaomba maji. Bodi walisema hawakujua lolote, wote watano, kwa sauti zinazofanana. Mtoto wa Refa, yule wa kike, alikaa mstari wa mbele, hakunitazama. Nilipita mbele yake nikasema pole. Akasema ahsante, kama mtu aliyepishwa njia.

Msimamizi amesimamishwa. Mimi nimepewa barua ya kuachishwa kazi, na shauri la kughushi linanisubiri. Nimeambiwa nisitoke mjini mpaka waniite.

Sikuombi unisamehe. Nilitaka ujue jina lako limetolewa kwenye lile shtaka. Nimeliona kwa macho yangu, wamelikata kwa rula.

Mwanao.

8 Julai

Mwanangu,

Barua zako mbili zilifika, hiyo ya kwanza ilinikuta siku moja kabla ya safari. Nilikwenda nayo kwenye mkoba. Niko hai, nakula, nalala.

Siku ile nilipotoka, mtoto wa Refa alinifuata getini. Nikadhani amekuja kunitukana, nikamgeuzia sikio la kushoto. Kumbe anataka kuuliza baba yake alipenda nini. Miaka sita alikuwa analipa, hakuwahi kuja zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Nikamwambia: chai inayounguza, kiti cha mlangoni, na kusuguliwa visigino kwa mafuta. Alikuwa anaandika kwenye simu kama mtu anayeandika vitu vya dukani. Akauliza, "Na alikuwa mkali?" Nikasema mkali sana, alinipa kadi kwa kosa ambalo halikuwepo. Akacheka kidogo, halafu akabaki amesimama na simu mkononi. Nilikaa naye mpaka akaweza kwenda.

Kiinua mgongo wamesema watalipa, ila watazuia kiasi kile kilicholipwa kwa jina langu mpaka ijulikane nani alikula. Yule binti wa kaunta alinieleza huku ananionea huruma. Nikamwambia aache huruma, abonyeze.

Zile bati mbili ziko juu ya jiko. Uliponiambia zilitoka wapi, nilitafuta ngazi nizibandue. Nikafika ngazi ya tatu, nikawaza, kumbe ni hela yangu. Nikashuka. Mvua imenyesha mara nne na sijalowa.

Nilikuchukua una miaka saba, umeshika mfuko wa plastiki wenye nguo mbili. Sikukufundisha saini ili unifanyie hivi, ila nilikufundisha mimi. Hasira ninayo, najua ninayo, lakini nikiitafuta nikuandikie siikuti mahali pake. Nakuta usingizi tu. Nalala mchana kama mgonjwa.

Na lile jambo la bafuni. Nilifanya kazi pale miaka kumi na tisa, mara ngapi nimemwacha mtu dakika mbili zikawa ishirini? Mimi ilitokea tu kwamba sikukuta mtu sakafuni. Sikusemi kwa hilo. Nakusema kwa kalamu.

Usiniandikie kwanza. Nikitaka barua nitasema.

Shangazi yako.

22 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Najua ulisema nisiandike. Naandika kwa sababu makao yamefungwa jana, na wewe ulifanya kazi pale miaka kumi na tisa, haifai uje usikie kwa watu wengine.

Juzi mpishi alikuja chumbani kwangu. Alisema wazee wanahamishwa asubuhi, wanapelekwa sehemu nne tofauti, na hawakubali kuguswa na wageni waliotumwa kuwavalisha. Wawili wameuma mtu. Aliniomba nije. Nikamwambia mimi nimefukuzwa. Akasema, "Utapita mlango wa jikoni. Ufunguo ninao mimi."

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Niliwaogesha wote waliobaki, kumi na tisa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Wengine hawajui kwamba nilikuwa nimeondoka. Mmoja mmoja niliwavalisha sweta, na kila mmoja nikamwandikia karatasi nikambania kifuani kwa pini: huyu anameza vidonge kwa uji, si kwa maji. Huyu mgeuze kuelekea dirishani. Huyu akisema anakwenda kazini, mpe mkoba wake azunguke nao, atarudi mwenyewe. Huyu hasikii, mguse bega kwanza. Nilipofika karatasi ya kumi nikakumbuka mambo mengi niliyoandika ni yale uliyonifundisha wewe mwezi wangu wa kwanza. Niliyaandika hivyohivyo.

Magari yalikuja saa tatu. Wageni waliotumwa si watu wabaya. Walikuwa wanasoma zile karatasi kwanza kabla ya kumshika mtu, nikaona afadhali. Mpishi aligawa chupa za maji mlangoni. Yule bibi aliyepaliwa na uji siku ile alikuwa wa mwisho. Nilimfunga mkanda, nikamwekea blanketi magotini. Akanishika mkono, hakuuachia. Akaniuliza, "Na wewe wanakupeleka wapi?"

Nikamvutia blanketi vizuri. Dereva akawasha gari. Nikasimama palepale uani mpaka mpishi akaja kunitoa juani, na hapo ndipo nililia, Shangazi. Nililia vibaya, mbele ya mtu anayebeba masufuria. Alinisubiri, halafu akaendelea kubeba, na mimi nikamsaidia.

Shauri langu limekwisha wiki iliyopita. Nimepewa onyo na kifungo cha nje miezi sita, kwa kuwa nilijisalimisha mwenyewe. Naweza kusafiri mradi nitoe anwani ninayokwenda. Karani alishika kalamu akaniuliza anwani. Nikamwambia nitarudi kumwambia.

Mwanao.

9 Septemba

Mwanangu,

Gari la saa mbili asubuhi linafika huku saa tisa mchana. Ukishuka, usichukue wa kukubebea mzigo, watakuibia, ni karibu.

Karani mpe anwani ya hapa.

Ijumaa sipo nyumbani. Siku nyingine yoyote, nipo. Ukibisha hodi sitasikia, wewe sukuma mlango.

Shangazi yako.